Sapa ya Tokyo, Bajeti ya Kapkugerwet

Wacha nianze na omena, juu hapo ndo siri yote imelala. Naongelea zile omena za kawaida, zenye mama mboga anapimia kwa kopo pale stage, zimetoka Kisumu na mat ya asubuhi. Wajapani wako na samaki zao ndogo za kukaushwa zinaitwa niboshi. Wanazichemsha wanatoa supu nyepesi inaitwa dashi, na dishi mob za kejani kule Japan zinaanzia kwa hio maji: supu, mchuzi, mboga, hadi mayai. Sasa ukiwa na omena, sufuria na chujio ya chai, na sijawahi ona keja Kericho haina chujio ya chai, wewe ushavuka mpaka bila pasipoti.

Najua venye wasee huwaza. Ukitaja msosi wa Japan mtu anaona sushi, samaki mbichi na vijiti, alafu bili ya kukuliza pale Westlands. Hio wachana nayo. Sisi wa Kapkugerwet, hapa Kericho, tuko karibu mita elfu mbili juu ya bahari. Samaki mbichi wa Mombasa akifika Litein ashaanza kubonga. Mimi naongelea dishi ya mzazi wa Japan mwenye ametoka mboka saa moja usiku, watoi wananung'unika, na yunifomu za kesho hazijafuliwa. Huyo hapiki sushi. Anapika wali, supu na kitu moja ya kando. Kuna mpishi wa TV kule anaitwa Yoshiharu Doi, mwaka wa 2016 alitoa kitabu akiambia Wajapani wawache kujitesa: wali, supu moja imejaa vitu, na mboga moja, imetosha. Kitabu iliuza mbaya mbovu. Ukiangalia poa, hio ni ugali, skuma na supu tu, ni vile imevaa kimono.

Mimi ni fathela wa watoi wawili, mmoja wa PP2, mwingine Gredi ya 3. Nachapa mboka kwa kiwanda ya chai, na chai haijui saa. Majani ikishuka kwa lori inalazwa, inapulizwa upepo usiku mzima hadi inyauke, ndo ikatwe, ibadilike rangi, ikaushwe. Kwa hivyo kuna wiki naingia shifti saa kumi na mbili jioni, mama watoi bado yuko kwa mat akitoka Kapkatet, na hawa wawili wanataka kumanga saa hii. Chapo na ndengu haziwezani na hio taimu. Na usiniletee ile ya mwanaume wa Kipsigis haingiangi jikoni. Mzae wangu aliisema akiwa ameshika sahani ya pili.

Hii maneno niliitoa kwa jirani. Jamaa alikuwa anakimbilia timu ya kampuni huko Japan, zile mbio za barabarani za kupokezana zinaitwa ekiden. Wakenya mob wamepitia hio njia. Samuel Wanjiru mwenyewe alienda Japan akiwa wa shule ya upili, ndo baadaye akabeba dhahabu ya marathoni Beijing 2008. Huyu jirani hakubeba dhahabu. Aliishi hosteli ya kampuni, akala venye timu inakula, akarudi Keri na vitu mbili: kuinama akisalimia watu, hadi konda wa mat, na kupika. Na si ati Keri na Tokyo ni wageni. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwa Olimpiki, shaba ya mita 800, ilichukuliwa Tokyo mwaka wa 1964 na Wilson Kiprugut Chuma, kijana wa Kericho. Septemba 2025 Beatrice Chebet wa Londiani akaenda Tokyo hio hio kwa mashindano ya dunia, akabeba dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya 10,000. Sisi tumekuwa tukitoa vitu Tokyo kitambo. Ni jikoni tu hatukuwa tumefika.

Haya, turudi kwa omena. Chagua zenye zinang'aa kama fedha na zimekauka hadi zinapiga kelele ukizishika. Zile zimegeuka manjano na zimevunjika-vunjika zitakupea harufu ujute. Ng'oa kichwa, alafu pasua tumbo na ukucha utoe ile uzi nyeusi. Wajapani pia hufanyia niboshi zao hivyo, juu uchungu wote unatoka hapo. Hio mboka patia watoi; wangu wanashindana nani ako na rundo kubwa ya vichwa, na paka wa ploti anajua siku. Kaanga kavu kwa sufuria, moto kidogo, hadi harufu ya ziwa iishe ibaki harufu ya kitu imechomwa poa. Mwaga maji baridi, kiganja moja ya omena kwa lita moja, uwache nusu saa. Ukiwa na friji unaweza loweka usiku kucha. Alafu washa meko, moto wa chini. Isichemke kwa fujo. Ikianza kutoa viputo vidogo-vidogo pembeni, hesabu dakika kumi, pitisha kwa chujio. Unabaki na maji ya rangi ya sturungi nyepesi, na ukionja utashtuka venye ina ladha na hujatia hata punje ya mchuzi wa pakiti.

Hio ladha iko na historia. Mwaka wa 1908 profesa wa Tokyo anaitwa Kikunae Ikeda alikaa chini na supu ya aina hii, yake ilikuwa ya mwani wa baharini, akatafuta ni nini inaleta huo utamu wenye si sukari wala chumvi. Akapata glutameti. Mwaka uliofuata hio kitu ikaanza kuuzwa dukani kwa jina Ajinomoto. Ule ujanja wa vipakiti vya viungo vyenye vimejaa duka zetu unatoka mbali, na mama mboga wako amekuwa akiuza toleo la kwanza kwa kopo.

Lakini kuna kesi. Kipsigis wa zamani hawakuwa watu wa samaki. Kogo wangu, yaani shosho, akisikia tu omena imeingia kejani, anatoka nje anaenda kukagua mahindi. Siku moja nikampea supu ya waru bila kutaja kitu. Akamaliza, akasema kongoi, akauliza hio ni supu ya nyama gani. Nikamwambia ukweli. Akafikiria kidogo, akasema basi siku ingine nisimwambie.

Hio supu ndo ya kwanza kujua. Dashi yako ikichemka, angusha waru mbili zimekatwa ndogo, karoti, na kabeji. Waru zikilainika tia kijiko ya soya sosi, onja chumvi. Piga mayai mawili kwa kikombe, zungusha supu na mwiko, mwaga yai pole pole ikiwa nyuzi nyembamba, zima, funika. Yai inajipika yenyewe inatoka ka wingu. Dania juu. Hapo kutoka kukata waru hadi kupakua ni kitu dakika ishirini, na mtoi mwenye alikuwa anakataa kabeji ya kukaanga anainywa kabeji hio hio bila kujua.

Wali ndo wasee huharibu, na makosa si yenu pekee, ni ya mlima. Huku juu maji inachemka karibu nyuzi 93, si 100 ka Mombasa. Ndo maana madondo za Kericho hukula gesi hadi unataka kulia, na wali unabaki na kiini. Loweka mchele nusu saa, tia maji zaidi kidogo kuliko venye pakiti inasema, funika na kitu nzito, na ukizima moto usifunue dakika kumi. Usichungulie. Mchele pia unachagua. Pishori ya Mwea ni moto kwa pilau lakini punje zake zina maringo, kila moja inataka kusimama pekee yake. Kwa onigiri, ile donge ya wali ya Wajapani, unataka mchele wa kushikana, na huo tuko nao hapo chini tu: uliza mchele wa Ahero, ule hauna harufu. Ni wa bei poa na unanata.

Onigiri ni hivi. Bakuli ya maji kando, chumvi mkononi. Lowesha viganja, pakaza chumvi, shika wali ukiwa bado moto wa kuvumilika. Bonyeza shimo katikati, weka kitu, funga, alafu finya na kugeuza, finya na kugeuza, hadi itoke pembetatu. Usikamue ka nguo; ikishikana tu, wacha. Ndani mimi huweka omena zile nilichuja. Si unaona sijazitupa? Zirudishe kwa sufuria na kijiko ya sukari na kijiko ya soya, zikaange hadi zing'ae na zishikane. Japan wako na kitu ya ukoo huo, inaitwa tazukuri, wanaikula Mwaka Mpya. Watoi wangu wanaikula Jumanne. Ile karatasi ya mwani ya kufungia usiitafute. Biringisha onigiri kwa simsim imekaangwa kavu, maisha iendelee. Ya shule ipike asubuhi hio hio, juu wali wa jana umelala nje bila friji unaweza kuleta tumbo ya kuendesha. Huyu wangu wa PP2 alikuwa anarudisha wali kwa hotpoti kila siku. Ukiwa pembetatu ya kushika na mkono, hotpoti inarudi na simsim mbili zimebaki kwa kona.

Mwisho wa mwezi, munde imekauka, bonasi ya chai ni ya Oktoba na hata hio ya huku kwetu imekuwa ya kuleta maandamano, hapo ndo unaita okonomiyaki. Jina refu, kitu rahisi: chapo ya kabeji. Japan ilishika sana baada ya vita ya pili ya dunia, wakati mchele ulikuwa adimu na unga wa ngano ndo ulikuwepo, kwa hivyo ni dishi ya watu wamesota, imezaliwa na adabu. Robo ya kabeji kubwa, katakata nyembamba ka ya kachumbari. Kikombe ya unga wa ngano, mayai mawili, dashi kidogo hadi iwe uji mzito, chumvi. Changanya, kabeji iwe mingi kuliko uji. Kama kuna nyake imebaki, ikatekate uitupe ndani. Mafuta kwa pani ya chapo, mwaga duara nene, funika, moto wa chini dakika tano, geuza. Kugeuza usiogope, ikivunjika ipange tena, hakuna mtu anapiga picha. Sosi ni tomato sosi, soya na sukari kidogo, zimekorogwa kwa kikombe. Osaka wanachanganya kila kitu pamoja, Hiroshima wanapanga tabaka na tambi ndani. Hapa kwangu sisi ni Osaka juu Hiroshima inataka taimu.

Mboga ndo mahali tumewashinda, na hapo siogopi kusema. Hawana saget, ile wengine huita saga. Wao wanachukua spinachi, wanaichemsha kidogo, wanaikamua maji hadi inabaki ka ngumi, wanaikata, wanaichanganya na simsim imesagwa, soya na sukari kidogo. Inaitwa goma-ae. Nilijaribu na saget, nikachemsha mara mbili kupunguza uchungu, na kwa vile simsim ilikuwa imeisha nikasaga njugu karanga. Ilitoka moto. Mama watoi, mwenye hakubalii mtu aguse saget bila maziwa, alimanga akanyamaza, na kwetu hio ni makofi.

Sasa hapa ndo kichekesho. Tunaishi katikati ya chai, kilima na kilima, kutoka Chagaik hadi Mogogosiek, alafu keja zetu hazina chai ya kijani. Mmea ni ule ule. Tofauti ni kiwandani: ya kijani inapigwa moto ama mvuke haraka, kabla majani ianze kubadilika rangi, na Wajapani ni watu wa mvuke. Yetu tunaiwacha ibadilike, inatoka nyeusi, inapanda lori hadi mnada wa Mombasa. Japan nayo imeingia shamba kwa njia ingine. Kule Shizuoka, moja ya mikoa yao mikubwa ya chai, kuna makampuni ka Ochiai na Kawasaki Kiko yanaunda mashine za kuchuna majani, na hapa kwetu mashine za kuchuna si stori ya kuchekesha: Mei 2023 vijana walizichoma Kericho wakisema zimekula kazi za wamama. Mimi sina jibu ya hio, kiwanda inanilipa na shangazi yangu alikuwa mchunaji. Nasema tu ukisikia mtu anaongelea Japan kwa mashamba ya chai, usidhani anaongelea chakula.

Lakini ya chakula iko. Pata chai ya kijani, siku hizi supermaketi inayo. Wali umebaki wa mchana na uliwekwa kwa friji, upashe moto kabisa, utie kwa bakuli, nyunyiza omena za sukari na chumvi, alafu mwaga chai ya kijani moto juu hadi wali uogelee. Wanaiita ochazuke. Ni dishi ya mtu amechoka. Nikitoka shifti alfajiri na mvua ya Kericho imeninyeshea kutoka geti, hio naiunda nikiwa bado na gambuti. Watoi hawaitaki kabisa na siwalazimishi.

Neno moja kuhusu soya sosi, juu hapo ndo doh inapotea. Ukiingia supermaketi geuza chupa usome nyuma. Ya ukweli inataja soya, ngano, chumvi na maji, na imechachushwa. Ile rahisi imejaa rangi ya karameli na chumvi ya kukausha koo. Nunua ndogo ya ukweli badala ya kubwa ya uongo. Kijiko moja inatosha sufuria nzima. Iko na chumvi mob, kwa hivyo kamtoi kachanga kenye kameanza juzi kula kapakulie kabla hujaitia. Miso, mirin, siki ya mchele, zile zote utaona watu wa video wakipanga kwa meza, siku ukienda Kanairo na munde imejaa, nunua ucheze nazo. Jumatano ya Kapkugerwet haizihitaji.

Nimewacha kari ya mwisho makusudi. Watoi wakipiga kura kejani, hii inashinda bila raundi ya pili. Waingereza waliitoa India wakaipeleka kwao, ikafika Japan enzi za Meiji, jeshi la majini likaishika, na hadi leo mabaharia wa Japan hula kari kila Ijumaa. Waingereza hao hao ndo walileta chai kutoka India, na miaka ya 1920 wakafungua mashamba makubwa hapa Kericho. Kwa hivyo kari ya Japan na chai yetu ni mabinamu, babu mmoja, na huyo babu hakuna mtu alimwalika.

Vitu zote ziko kwa soko ya Silibwet ama ya Keri. Vitunguu vitatu, kaanga pole pole hadi vigeuke rangi ya kahawia; hapa usikimbie, utamu wote unajengwa sasa. Nyake nusu kilo, vipande vya kuingia mdomo wa mtoi, igeuze hadi ishike rangi. Karoti mbili kubwa. Mwaga dashi ama maji, wacha ichemke hadi nyake ilainike. Waru ziingie mwisho, hasa kama ni shangi, juu shangi haina subira, ukiitupa mapema inageuka uji. Kando, kwa kapani kadogo, yeyusha vijiko vitatu vya siagi, tia vijiko vitatu vya unga wa ngano, koroga moto wa chini bila kuondoka. Itakuwa nyeupe, alafu ya mchanga, alafu rangi ya karanga imechomwa, na itanukia biskuti. Hapo toa kwa moto, tia vijiko viwili vya unga wa kari, koroga. Chota mchuzi moto kutoka sufuria kubwa, mwaga kidogo kidogo ukikoroga hadi ilegee, ndo urudishe yote kwa sufuria. Utaona mchuzi unakuwa mzito mbele ya macho yako, unang'aa, unashika mwiko. Kijiko ya soya, kijiko ya asali. Asali si ujinga wangu: kari ya pakiti inayojulikana sana Japan, Vermont Curry, ilitoka 1963 na tofaa na asali ndani, ikalenga watoi. Ukiwa na mtoi hajafika mwaka, asali mpite.

Pika sufuria kubwa Jumamosi. Jumapili ni tamu kuliko, Jumatatu ukitoka mboka ni kupasha tu.

Wajapani wanaikula na wali. Sisi Jumapili ukoo ukija tunaiweka kando ya kimyet ya wimbi, ile ugali nyeusi yenye inashuka na uzito wake, na ule mchuzi mzito unaishika kuliko mchuzi wowote nimewahi ona. Mzae anakata tonge, anachimba shimo na kidole gumba, anachota waru na kari pamoja. Jirani wa ekiden alikuja akakuta hio meza, akainama ka kawaida yake, akasema huko Japan ningekamatwa. Alafu akauliza kama wimbi imebaki.